Mgomo wa Bi Hamira

Bi Hamira aligoma. Hakubeba bango, hakufunga barabara, na aliyegomewa hakutoa tamko lolote. Aligoma kumshukuru Mungu, basi. Kanisani alikwenda kama kawaida, akakaa benchi lake la karibu na dirisha, akaimba, akasimama wenzake waliposimama. Lakini mchungaji alipofika kwenye "Na tumshukuru Bwana," Bi Hamira alibana midomo kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

"Mengine yote nitafanya," alimwambia wifi yake. "Kutubu nitatubu, maana dhambi ninazo. Kuomba nitaomba, maana shida ninazo. Ila asante, hapana. Na Yeye anajua kwa nini."

Sababu ilikaa kwenye titi la kushoto. Ilipogunduliwa ilikuwa ndogo kama punje ya kunde, na daktari aliiita saratani kwa sauti ya upole, kana kwamba upole ungeifanya iwe mafua.

Bi Hamira alikuwa mwokaji mikate. Jina alipewa na wateja, kwanza kwa ajili ya kazi yake, pili kwa sababu akiingia mahali watu walipolala doro, wote wanaumuka. Hata msibani alikuwa hatari; waliomjua walikaa mbali naye wasije wakapasuka kwa kicheko mbele ya wafiwa. Tangu mumewe afariki, duka aliliendesha pamoja na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Hao wawili walianza kutaniana siku ya posa na mpaka leo hakuna aliyekubali kushindwa.

Mikate ya dukani ilikandwa na mashine, na tangu matibabu yaanze wifi ndiye aliyeisimamia. Lakini mkate wa Meza ya Bwana ulikuwa habari nyingine. Ule Bi Hamira aliukanda mwenyewe kila Jumamosi alasiri, kwa mikono, kwenye meza ya mbao nyuma ya tanuri, na ole wake atakayeugusa. Zamani alikuwa akikanda huku ananong'ona: asante kwa unga, asante kwa moto, asante kwa wanaonunua, asante hata kwa wanaobonyezabonyeza mikate halafu wanaondoka mikono mitupu. Tangu mgomo uanze, alikanda kimya. Kilichosikika ni meza tu, ikilalamika kwa miguu yake yote minne.

"Donge litadhani umelinunia," alisema wifi siku moja, akipita na trei.

"Lina haki ya kudhani."

"Limekukosea nini, maskini?"

"Wifi, wewe uza mikate. Ugomvi wangu na wakubwa usiuingilie."

Chumba cha dripu kilikuwa ghorofa ya pili ya hospitali. Viti vikubwa vya kuegemea vilipangwa kando ya ukuta kama saluni, isipokuwa hapa watu waliingia na nywele wakatoka bila. Bi Hamira alisema hivyo siku yake ya kwanza, na nesi akacheka hadi akalazimika kuweka sindano chini. Nesi huyo wagonjwa walimwita Mara Moja, kwa kuwa aliupata mshipa kwa mchomo wa kwanza. Hakuwa mtu wa kukupapasa mkono kama aliyepoteza funguo gizani.

Kiti cha jirani alikaa Dereva, mstaafu wa malori, mwenye saratani ya utumbo na malalamiko juu ya kila kiungo kingine. Alilalamikia taa, alilalamikia feni, alilalamikia mto kwamba una mawazo yake.

"Chakula changu siku hizi kina ladha ya misumari," Bi Hamira alimwambia.

"Shukuru. Chai yangu ina ladha ya maji ya rejeta."

"Na wewe ladha ya maji ya rejeta umeijulia wapi?"

"Mama, nimekaa barabarani umri wangu wote. Mengine usiulize."

Raundi chache za dripu baadaye hata misumari ikatoweka. Ulimi ukabaki mdomoni kama mgeni asiye na kazi. Kwa mtu mwingine ingekuwa kero. Kwa mwokaji mikate ilikuwa ni kuibiwa. Miaka yote alionja donge bichi kwa ncha ya ulimi na kujua linataka nini. Sasa ungempa mkate na kipande cha sabuni, angetafuna vyote viwili na kukushukuru kwa adabu. Yaani, kama asingekuwa kwenye mgomo.

Daktari naye alikuwa na habari njema, na habari njema za daktari zina tabia ya kuja na mkia. "Uvimbe unasinyaa vizuri," alisema. "Zimebaki raundi mbili. Lakini nakuomba, mama, usikatishe. Ukiacha hapa, uvimbe unaweza kurudi, na mara hiyo hautarudi peke yake."

Bi Hamira alitikisa kichwa kukubali. Moyoni alikuwa amechoka. Alichoka na kutapika, alichoka na miguu iliyowaka moto, alichoka na kusikia kwamba anapendeza na kilemba.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Kanisa lao dogo lilishiriki Meza ya Bwana kila wiki. Mkate ulimegwa, sahani ikapita, kila mtu akachukua kipande na kikombe kidogo cha juisi ya zabibu. Bi Hamira alitafuna chake, hakusikia ladha yoyote, akainua macho kuangalia wenzake kama alivyozoea, maana mwokaji yeyote hupenda kuangalia watu wakila.

Mchungaji alikuwa amefumba macho na hayafumbui. Mzee wa kanisa, mwanaume mkavu ambaye hakudondosha chozi hata siku ya kumzika mama yake mzazi, alikuwa akipangusa shavu kwa kiganja. Kiongozi wa kwaya alifungua mdomo kuanzisha wimbo, sauti ikakwama, akabaki ameshika koo. Mama mmoja alikuwa akitikisa kichwa taratibu, machozi yanambubujika, na mumewe akimpigapiga mgongoni.

Bi Hamira alitazama kushoto, akatazama kulia. Kila aliyekutana naye macho aliyakwepesha haraka.

Jumapili iliyofuata, mambo yakawa yale yale. Iliyofuata tena, yakazidi. Mchungaji alitoka madhabahuni kwa dakika kadhaa na kurudi na macho mekundu.

Basi, akajua. Au alidhani amejua, ambalo ndilo jambo la hatari zaidi. Watu hawa walikuwa wanamlilia. Wameongea na daktari, au wamesoma usoni mwake kile ambacho kioo kilimficha. Walikuwa wanamzika polepole, kipande kwa kipande, kila Jumapili, yeye akiwa amekaa pale pale ameshika kikombe.

Jumanne asubuhi, siku ya raundi ya kwanza kati ya zile mbili, teksi ilisimama mbele ya duka. Wifi alipanda ngazi hadi chumbani na kumkuta Bi Hamira amelala, shuka hadi kidevuni, kilemba kimekaa upande.

"Wifi, gari limefika."

"Liambie lirudi lilikotoka."

"Unaumwa?"

"Hilo swali unamuuliza mgonjwa wa saratani? Kaa chini, nikueleze. Sirudi kwenye kile kiti."

Wifi hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wa hospitali mkononi, ule wenye blanketi, maji na soksi nzito. "Raundi mbili tu, wifi. Mbili! Umepanda mlima wote, unataka kulala hatua chache kabla ya kilele?"

"Mlima wa nini, na watu wameshanililia? Kwa nini nijitese, nitobolewe, nitapike, wakati kanisa zima linajua ninakwenda? Wewe mwenyewe nilikuona. Juzi ulikuwa unalia hadi makamasi yanatoka. Wewe, ambaye hunionei huruma hata nikijikata kidole!"

"Mimi nililia?"

"Ulilia. Na mchungaji. Na mzee wa kanisa, jamani, yule ambaye nilidhani machozi yake yalikauka akiwa na miaka saba! Mtu kama yule akikulilia, wewe si mgonjwa tena. Wewe ni marehemu anayechelewa."

Uso wa wifi ulifanya vitu vya ajabu. Kwanza ulikunjuka. Halafu ukajikunja. Halafu ukaanza kutetemeka kuanzia kidevuni, kama sufuria inayokaribia kufurika. Alijaribu kugeukia ukutani, akachelewa. Kicheko kilimtoka kwa sauti ile ya mtaa wa tatu, mkoba ukaanguka, soksi zikatawanyika.

"Unacheka," alisema Bi Hamira, akiinuka kwenye mto. "Mimi nakufa, wewe unacheka."

"Si kilio!" Wifi alishika fremu ya mlango asianguke. "Wifi yangu, si kilio! Ni chumvi!"

"Chumvi gani?"

"Mkate wako! Una chumvi, wifi. Una chumvi ya kukausha samaki. Tunatoka machozi tukijaribu kumeza!"

Bi Hamira alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyetukaniwa ukoo. "Mimi? Nimeoka mikate kabla wewe hujajua kuchemsha maji."

"Ndiyo maana hakuna aliyeamini kipande cha kwanza."

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Nampigia mchungaji. Wewe ni mtani, huaminiki. Yeye analipwa kusema ukweli."

Simu iliita, mchungaji akapokea, na Bi Hamira akaiweka kwenye spika juu ya shuka. "Mchungaji, samahani kwa asubuhi. Nina swali dogo kuhusu mkate wangu."

Mchungaji akakohoa. "Mkate wako, mama, ni baraka kubwa kwa kanisa."

"Sikuuliza baraka. Una chumvi?"

"Mkate ule una... una uzito wake. Unamfanya mtu atafakari."

"Mchungaji."

"Naam, mama."

"Una chumvi nyingi au hauna?"

Walisikia pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo aliobeba wiki nyingi. "Mama, Jumapili iliyopita nilikwenda nyuma ya madhabahu nikanywa maji ya kwenye vase ya maua."

Wifi alijitupa sakafuni miongoni mwa soksi.

Mengine yakatoka yenyewe, kama maji ya bomba lililopasuka. Juisi ya zabibu ilikuwa ikiisha kabla ya kufika benchi la nyuma, kwa hiyo akina mama walianza kuja na chupa zaidi wamezificha mikobani. Kiongozi wa kwaya alihamisha wimbo wa baada ya Meza, akaweka ukimya mrefu wa tafakari ili koo zipone. Mzee wa kanisa alikuwa na presha, na daktari wake alimkataza chumvi katakata. Kwa hiyo kila Jumapili alijichagulia kwenye sahani kipande kidogo kuliko vyote, akakiacha kwenye ulimi, akalia, akakimeza.

"Si angekiacha tu!" alisema Bi Hamira.

"Tulimwambia," mchungaji alijibu. "Alisema wewe huwaangalia watu wakila. Akiacha, utamwona."

Bi Hamira alinyoosha kilemba kilichokaa upande.

"Mlinidanganya," alisema, lakini sauti haikuwa na meno.

"Hakuna aliyesema uongo," wifi alijibu kutoka sakafuni. "Sisi tulikula tu. Mchungaji alituambia mkate huo ndio unaokutoa kitandani siku za Jumamosi. Akasema tukikunyang'anya, tutakupa nini badala yake? Basi, tukakubaliana kutafuna."

"Wote?"

"Wote."

"Na hakuna aliyeropoka?"

"Hakuna."

Hapo ndipo Bi Hamira alipolala tena kwenye mto na kutazama dari. Kanisa lile! Kanisa ambalo ukipiga chafya benchi la mbele, kabla ya sadaka benchi la nyuma wanajua umelazwa. Kanisa ambalo mimba ilijulikana kabla ya mwenye mimba. Watu hao hao walikuwa wametunza siri, wiki baada ya wiki, mdomo umejaa chumvi. Kama ile haikuwa kazi ya Roho Mtakatifu, basi hakujua Roho Mtakatifu hufanya kazi gani nyingine.

"Lakini imeingiaje?" alijiuliza kwa sauti, na mara mikono yake ikamjibu. Aliiona hewani juu ya shuka, ikikanda donge lisilokuwepo. Asante kwa unga, asante kwa moto, asante kwa wanunuzi, amina. Na kwenye amina, chumvi. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Hakuwahi kukumbuka chumvi kwa kichwa. Sala ndiyo iliyokumbuka. Tangu aache kushukuru, alikuwa akiitia mwanzoni kwa kuogopa kusahau, mikono ikaitia tena mwishoni kwa mazoea, na kwa vile ulimi haukuweza kumwambia kitu, akaongeza nyingine kidogo ya kujihakikishia.

Alianza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikashuka tumboni, kikamtikisa hadi kilemba kikaanguka na kichwa chake kikang'aa kwenye jua la dirishani kama trei iliyopakwa mafuta. Wifi alipokiona alicheka upya. Simu ilikuwa bado imewashwa, na mchungaji naye alisikika huko aliko, akicheka kwa sauti nyembamba isiyofaa kabisa madhabahuni.

Halafu kicheko kikageuka, kama kinavyogeuka wakati mwingine bila kuomba ruhusa, na Bi Hamira akawa analia. Hakulia kwa ajili ya kifo. Alikuwa anamwona yule mzee mkavu ameinamia sahani, anatafuta kipande kidogo.

"Asante," alisema.

"Karibu," wifi akajibu, akifuta macho. "Nilikuwa najua siku moja utanishu..."

"Wewe nyamaza. Sisemi na wewe."

Wifi akainama akakata simu taratibu, akaanza kuokota soksi, mojamoja, akiwa amempa mgongo.

"Sijamaliza na Wewe," Bi Hamira aliiambia dari. "Habari ya huu ugonjwa tutaizungumza, na nina maswali. Kwa ugonjwa sishukuru, tusidanganyane. Lakini kwa watu hawa, asante. Nilidhani nimegoma na kazi imesimama. Kumbe walikuwa wanashika zamu yangu."

Hakusikia sauti, wala pazia halikupeperuka. Ila kile kifundo alichokibeba kifuani tangu siku ya majibu, ambacho si kile cha daktari, kililegea, na akagundua kwamba anaweza kuvuta hewa hadi chini.

Huko nje honi ikalia.

"Wifi," alisema, akishusha miguu kitandani, "unangoja nini na hizo soksi? Unataka Mara Moja aanze kunitafuta kwenye redio?"

Walichelewa. Mara Moja aliwapokea kwa jicho la mwalimu wa zamu, lakini kiti kilikuwa kimetunzwa. Dereva alikuwa pale jirani, na jambo la kwanza Bi Hamira aliloliona ni kwamba halalamiki. Feni ilikuwa ikipiga kelele juu ya kichwa chake na hakuwa na neno nayo. Mikono yake mikubwa ilikuwa imeshika kingo za kiti kana kwamba kiti kinashuka mteremko bila breki.

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Mzee, umekaa dakika nzima hujaitukana taa."

"Majibu ya picha yametoka. Wataniita chumba kile." Akaelekeza kwa kidevu mlango wa daktari. Halafu, akitazama magoti yake: "Wewe si mtu wa kanisa? Hivi, Mungu anamsikiliza mtu ambaye hajatia mguu kanisani tangu siku ya ndoa yake?"

"Mimi nimekuwa nakwenda kila Jumapili nimemnunia, na bado amenivumilia. Wewe angalau hukumkunjia uso ndani ya nyumba yake."

"Basi niombee."

"Nimetoka mgomoni leo asubuhi. Sala yangu ina kutu."

"Omba hivyo hivyo. Mimi nimeendesha vyenye kutu vikafika."

Bi Hamira alinyoosha mkono ng'ambo ya kiti na kuushika ule mkono wa usukani. Ulikuwa baridi. Mara Moja, aliyekuwa tayari na sindano, akaishusha na kuinamisha kichwa. Wifi naye akainama, mkoba kifuani.

"Bwana," alisema Bi Hamira, "asante kwa huyu mzee, ingawa analalamika. Asante kwa binti huyu anayejua mshipa ulipo. Majibu ya mzee yako nyuma ya mlango ule, na Wewe umeshayasoma. Sisi bado. Tushike mkono. Amina."

"Amina," alisema Dereva. Kisha akafumbua jicho moja. "Hiyo 'ingawa analalamika' ilikuwa na ulazima gani?"

"Nisimdanganye Mungu siku ya kwanza kazini."

Kicheko kilimtoka Dereva puani, kifupi, cha kutotarajiwa, na mgonjwa wa kiti cha mwisho akaamka akauliza kuna nini. Mara Moja akaushika mkono wa Bi Hamira, akaugeuza, akachoma. Mara moja. Dawa ikaanza kushuka kwenye mpira, tone baada ya tone, bila haraka.

Mlango ulifunguliwa na jina la Dereva likaitwa. Akasimama, akavuta suruali juu, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Nikitoka nitakukuta?"

Bi Hamira aliinua mkono wenye mpira wa dripu ili auone vizuri.

"Nitakwenda wapi, mzee wangu, na nimefungwa hapa mpaka mchana? Nenda. Nipo."